Kazi ya Mbalamwezi

Hapana chombo duniani ambacho fundi alikiunda siku moja kikakamilika milele. Nyumba hutaka kuezekwa upya, jembe hutaka kunolewa, saa hutaka kutiwa majira, na mtumbwi huanza kuzeeka siku ile ile unaposhushwa majini. Mwenye chombo hununua vitu viwili kwa bei moja: hununua chombo chenyewe, na hununua wajibu wa kukitunza. Cha kwanza hukishika mkononi na kukionyesha watu. Cha pili hakionekani, na kwa kuwa hakionekani aghalabu husahauliwa. Swali la insha hii ni dogo kwa sura na kubwa kwa matokeo. Mtu mwenye simu au kompyuta yake mwenyewe azifanyie matengenezo programu zake mara ngapi? Kila aitwapo? Kila mwezi? Au siku chombo kitakapokataa kwenda?

Nyegezi ni kata ya jiji la Mwanza, upande wa kusini, kando ya Ziwa Victoria. Wasafiri huifahamu kwa stendi yake ya mabasi yaendayo Shinyanga, Dodoma na Dar es Salaam. Wasomi huifahamu kwa chuo kilichoanzishwa hapo mwaka 1960 kwa mafunzo ya jamii, kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998. Na wenye kazi za maji huifahamu kwa chuo chake cha uvuvi. Walakini kabla ya stendi na kabla ya vyuo palikuwa na ziwa, na watu waliolitegemea walikwisha kujiwekea kalenda ya matengenezo ambayo mwenye simu wa leo aweza kuiazima bila ya kubadili jambo kubwa.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai za mafuta ya taa na siku hizi taa za betri na za umeme wa jua, na dagaa huvutwa na mwanga ule wakakusanyika karibu na wavu. Mwezi upevukapo, nuru yake hutanda ziwa zima, na taa ya mvuvi huwa kama mshumaa uliowashwa mchana. Dagaa hawana sababu ya kuifuata. Kwa hiyo siku kadhaa za kila mwezi mitumbwi hupandishwa mchangani. Mgeni apitaye huwaona wavuvi wameketi akadhani wamo katika uvivu, kumbe wamo katika nusu ya pili ya kazi yao. Mmoja anashona wavu uliotoboka. Wa pili anakagua maungio ya mbao, na palipolegea anagonga pamba kwa patasi na nyundo, kazi ambayo watu wa pwani huiita kalafati. Wa tatu amefungua mashine na kutandaza vyuma vyake juu ya gunia.

Mambo matatu ya desturi hii yastahili kutazamwa. La kwanza, wakati wake hujulikana kabla. Hakuna angojaye maji yaingie ndipo akumbuke pamba. La pili, kazi hufanywa nchi kavu, mikono ikiwa na nafasi na akili ikiwa tulivu. La tatu, haifanywi kila siku. Mtumbwi utengenezwao kila siku hauvui, na mtumbwi uvuao kila siku bila ya kutengenezwa haurudi.

Simu ya kupangusa ni chombo cha namna hii hii. Ndani yake mna programu zilizoandikwa na wanadamu, mstari baada ya mstari, maelfu kwa mamilioni, na mwanadamu aandikapo sana hukosea. Makosa mengine hudhuru macho tu: herufi hukaa vibaya, au picha huchelewa kufunguka. Mengine ni nyufa. Ajuaye ufa ulipo aweza kuingia bila ya kubisha hodi, akasoma ujumbe, akachukua siri, au akafunga mlango na kumdai mwenye nyumba fedha ya ufunguo. Mwenye kiwanda agunduapo ufa huandika mistari mipya ya kuuziba na kuituma kwa wenye vyombo. Kazi ya kuipokea mistari hiyo ndiyo wasomi waliyoipa jina la kusasisha, kitenzi kilichozaliwa na neno sasa. Maana yake ni kukitoa chombo katika jana na kukileta katika leo. Katika mfuko mmoja wa sasisho huja pamoja vitu viwili visivyofanana thamani, yaani pamba ya kuziba ufa na rangi ya kupamba ubavu. Wengi huiona rangi, wakasema hawaihitaji, wakautupa mfuko mzima na pamba yake.

Upo udhuru mmoja wa haki kwa watu wa Afrika Mashariki. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na kwa miaka mingi watu walituma na kupokea fedha kwa simu ndogo yenye tochi, kwa kubonyeza nyota, tarakimu na alama ya reli. Simu ile haikuwa na la kusasishwa kwa kazi hiyo, maana hesabu yote ilikaa kwa kampuni, na matengenezo yalifanywa huko huko bila ya mteja kujua. Mtu aliyezoea chombo kinachotengenezwa na mwingine alikabidhiwa ghafla chombo kinachomtaka akitengeneze mwenyewe, na hapakuwa na aliyemwambia kwamba mkataba umebadilika.

Palikuwa na kijana mmoja wa Nyegezi, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ambaye mama yake huanika dagaa mwaloni na kuwauzia wachuuzi wa Shinyanga na Dodoma. Biashara ya mama ilianza kwa ndoo moja ikafikia magunia. Sehemu ndogo ya mtaji wake ilikuwa fedha. Sehemu kubwa ilikuwa jina. Mnunuzi aliye Dodoma alituma fedha ya gunia ambalo hajaliona, kwa sababu tu ujumbe ulitoka katika namba ya mama yule. Jioni gunia lilipakiwa katika basi stendi ya Nyegezi, na kesho yake lilifika. Kwa muda wa miaka 6 hakutokea hata mmoja aliyetuma fedha akakosa dagaa.

Simu ya mama ilisimamiwa na mwanawe. Ndiye aliyeichagua dukani, ndiye aliyeitia programu, na ndiye aliyezima masasisho yote siku ile ile ya kwanza. Alikuwa na hoja tatu. Bando ni ghali, na sasisho moja laweza kumeza bando la juma zima. Simu ni ndogo, na kila sasisho huizidishia uzito. Tena kitu kinachofanya kazi kisiguswe. Kila taarifa ilipotokea juu ya kioo ikiuliza kama wakati umefika, kidole chake kilikwenda penye neno "Baadaye". Neno hilo halina ubaya wowote kwa mtu ajuaye baadaye ni lini. Kijana hakujua.

Miezi 14 ikapita. Asubuhi moja, katikati ya siku za giza, mitumbwi imeingia imejaa na wanunuzi wote wanaulizia bei, programu ya mama ya kutumiana ujumbe ilikataa kufunguka. Ilisema kwamba toleo lake limepitwa na wakati. Kijana alikuwa katika chumba cha mtihani na simu yake imezimwa. Mama akamwomba msaada mchuuzi mwenziwe, naye kwa nia njema akamrushia, simu kwa simu, faili aliloletewa katika kundi la wafanyabiashara, likisifiwa kuwa ni toleo jipya, tena lenye rangi nzuri kuliko lile la dukani. Simu ilimwonya mama, ikamwuliza kama anaruhusu programu isiyotoka katika duka rasmi. Akaruhusu. Programu ikaomba ruhusa ya kusoma ujumbe wake mfupi. Akaruhusu pia, maana wanunuzi walikuwa wanangoja, na mwenye haraka hasomi.

Programu ilifunguka, na rangi zake zilikuwa nzuri kweli. Usiku ule namba ya mama ilisajiliwa katika simu ya mtu mwingine kwa tarakimu 6 za uthibitisho zilizosomwa ndani ya ujumbe wake mwenyewe. Kulipokucha wanunuzi wake walipokea habari kwa jina lake na kwa picha yake: dagaa ni wengi, bei imeshuka, atakayetangulia kulipa atatangulia kupata, namba ya kawaida ina hitilafu, tumeni kwenye namba hii. Watatu wakatuma.

"Mama, kwa nini hukunisubiri?" kijana aliuliza jioni, kichwa chake kimeinama.

"Wewe ningekusubiri, mwanangu," mama alijibu. "Dagaa hawasubiri."

Mama yule hakuwa na hatia mbele ya sheria, na wanunuzi wake wenyewe walikiri kwamba wametapeliwa na mtu mwingine. Walakini juma lile alipakia magunia 3 stendi ya Nyegezi pasipo kupokea senti moja, akayapeleka kwa wale watatu. Shogaze walipomwuliza kwa nini anajitwisha deni lisilo lake, alisema kuwa jina lililotumika lilikuwa lake. Yalikuwa ni faida ya msimu mzima, na ada ya mwanawe ya muhula uliofuata ilikuwa ndani yake.

Ni rahisi kusema kwamba mama alikosea kupokea faili la mkononi. Kosa lile lilikuwa na kosa lililolizaa. Lilizaliwa miezi 14 nyuma, siku kijana alipozima masasisho na kuita kitendo hicho akiba. Kuchelewa kusasisha kuna madhara mawili, na watu hulitaja moja tu. La kwanza ni kwamba ufa hubaki wazi. La pili, ambalo halitajwi sana, ni kwamba siku ya matengenezo hujichagua yenyewe, nayo huchagua siku mbaya. Akataaye pamba ya fundi akiwa nchi kavu, maji yatakapoingia usiku katikati ya ziwa ataziba kwa chochote atakachopewa na yeyote aliye karibu. Mama hakupewa nafasi ya kuchagua fundi. Nafasi ile mwanawe aliitumia yote katika neno "Baadaye".

Haki yataka hoja za kijana zipimwe, kwa kuwa si za kipuuzi na wengi wanazo. Ni kweli kwamba bando lina gharama, na mtu wa kipato kidogo hastahili kuchekwa anapolihesabu. Lakini simu yaweza kuamriwa katika mipangilio yake isipakue kitu ila ikiwa katika waifai, na kijana alikuwa katika waifai chuoni siku zote za juma. Simu ya mama ingaliweza kupelekwa huko jioni moja kila mwezi na kurudishwa kabla ya mitumbwi kuingia. Gharama iliyoogopwa ilikuwa na dawa, na dawa ilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka mwaloni.

Ni kweli pia kwamba sasisho laweza kukiongezea chombo kizee uzito kisichouweza. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba baadhi ya masasisho yake yalipunguza kasi ya simu za iPhone zenye betri zilizochakaa, ili zisizimike ghafla. Ikaomba radhi, na ikapunguza bei ya kubadilishiwa betri. Waliokuwa wakinung'unika kwamba simu zao zimepungua mwendo hawakuwa wanaota. Basi mwenye simu ndogo anayo haki ya kufuta programu asizozitumia ili kupata nafasi, na anayo haki ya kukawia kupokea mfumo mpya mzima wenye mapambo mengi. Haki hiyo haifiki kwenye pamba ya kuziba ufa, ambayo kwa kawaida ni ndogo na nyepesi.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kupita zote, kwa sababu yapo masasisho yaliyoleta msiba yenyewe. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta, ilituma sasisho lenye kosa, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 za mfumo wa Windows zikaanguka kwa siku moja. Ndege zilikaa chini viwanjani, na mabenki na hospitali katika nchi nyingi zikarudia kalamu na karatasi. Hapakuwa na adui aliyewashambulia. Walijeruhiwa na mlinzi wao. Ajuaye kisa hiki hawezi kumshauri mtu kumeza kila sasisho saa ile ile litokapo, hasa katika kompyuta iliyobeba tasnifu ambayo nakala yake nyingine haipo.

Iwapo kuharakisha kuna hatari na kukawia kuna hatari, kipimo kitoke wapi? Kipo kisa kingine cha kuweka katika upande wa pili wa mizani. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mkubwa katika mfumo wa Windows. Siku hiyo ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi, siku ambayo kampuni hiyo imeitenga kwa matengenezo ya kila mwezi tangu Oktoba 2003. Tarehe 14 Aprili kundi lililojiita Shadow Brokers lilimwaga hadharani zana za siri, na mojawapo iliweza kuupenya ufa ule ule. Tarehe 12 Mei kirusi kilichoitwa WannaCry kilitumia zana hiyo kikaingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi zipatazo 150, kikafunga kazi za watu na kuwadai fidia. Katika Uingereza theluthi moja hivi ya taasisi za hospitali za umma za England zilivurugika, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000 ikavunjwa. Kompyuta nyingi mno zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwa tayari kimetolewa.

Baina ya dawa na ugonjwa zilipita siku 59. Katika siku hizo mwezi ulipevuka mara 2: tarehe 11 Aprili na tarehe 10 Mei. Mtu aliyekuwa na desturi ya wavuvi wa Nyegezi, asiyejua habari yoyote ya Shadow Brokers wala ya Windows ila kwamba mbalamwezi ni wakati wa kutengeneza, angalikuwa amekwisha kuziba chombo chake kabla ya tarehe 12 Mei. Hakuhitaji elimu ya mambo ya siri. Alihitaji kalenda na uaminifu wa kuifuata.

Kisa hicho kinafundisha neno jingine ambalo wengi hawalijui. Kiraka kinapotolewa, ufa hutangazwa. Wezi hukichukua kiraka wakakilinganisha na mistari ya zamani, na tofauti waionayo huwaonyesha mahali pa kuingilia kwa wale wasiokitia. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na mbiu hii husikiwa na mwenye nyumba na mwizi kwa wakati mmoja. Kabla ya tangazo ufa ulijulikana na wachache; baada ya tangazo wote wataujua. Kwa hiyo hatari ya kukawia haisimami mahali pamoja. Hukua kila siku baada ya dawa kutoka, na asemaye "Simu yangu imekaa mwaka mzima bila ya kusasishwa na haijadhurika" anasifu bahati, hasifu chombo.

Mwezi ulipopevuka baada ya msiba ule, kijana aliteremka ufukoni akamkuta mjomba wake, nahodha wa mtumbwi wa dagaa, amepiga magoti ubavuni mwa chombo na patasi mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mama yako amenieleza."

Kijana alikaa juu ya jiwe. Alitazama pamba ikiingia katika maungio, pigo baada ya pigo. Baadaye akauliza, "Mjomba, mtumbwi huu ulikuwa unavuja?"

"Hauvuji."

"Sasa unaziba nini?"

"Hauvuji kwa sababu niliutazama mwezi uliopita," nahodha alisema bila ya kuinua kichwa. "Ningengoja uvuje, ningejulia wapi? Ziwani, usiku, na watu wanne ndani."

"Na ukivuja katikati ya giza, utangoja mbalamwezi?"

"La, hasha. Hapo natia nanga ufuko wa kwanza nitakaouona. Kalenda ni ya kazi ya kawaida, mpwa wangu. Maji yakiingia, maji ndiyo kalenda."

Majibu hayo ya nahodha yanatosha kuwa kanuni kwa mwenye simu na kwa mwenye kompyuta. Kwa kazi ya kawaida, mara moja kila mwezi yatosha, tena isikose. Google ilipoanza mwaka 2015 kutoa taarifa za usalama za mfumo wa Android kila mwezi, na Microsoft ilipojiwekea Jumanne yake, zilifikia kipimo kile kile walichokifikia wavuvi kwa kulitazama ziwa. Mwezi mmoja ni mfupi wa kutosha kumtangulia mwizi mara nyingi, na ni mrefu wa kutosha kuyaacha makosa ya viwanda yagunduliwe na kusahihishwa. Programu zishikazo fedha, barua na mazungumzo ziachwe zijisasishe zenyewe kila chombo kiwapo katika waifai, kwa sababu kwazo mwezi ni muda mrefu. Mfumo mpya mzima, ule wenye sura mpya na mapambo, waweza kungoja majuma machache hadi wengine waupime. Lakini inapotangazwa kwamba ufa fulani unatumiwa na wezi hivi sasa, kalenda iwekwe kando: sasisho litiwe siku ile ile.

Kabla ya yote nakala ya akiba ifanywe, maana hata fundi mwema huteleza, na kazi iliyo mahali pawili haipotei kwa mteremko wa mkono mmoja. Tena kila sasisho litoke katika duka rasmi au katika mipangilio ya chombo chenyewe, lisitoke kwa jirani wala katika kundi, hata jirani awe mwema kama yule wa mwaloni. Dawa haiulizwi uzuri wa rangi yake. Huulizwa imetoka kwa nani.

Limebaki jambo moja chungu. Kila chombo hufika siku ambayo fundi wake hakiletei pamba tena. Tarehe 24 Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zenye Android ya chini ya toleo la 5, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha matengenezo ya kawaida ya bure ya Windows 10. Simu na kompyuta za namna hiyo zimejaa mikononi mwa watu wasio na fedha ya kununua nyingine, na kuwaambia wanunue mpya ni kumwambia mwenye njaa ale. La kweli na liwezekanalo ni kukishusha chombo hicho daraja: kisibebe tena fedha wala siri. Kipige picha, kisome vitabu, kicheze nyimbo. Mtumbwi mkongwe usiofaa kwenda kilindini hufungwa karibu na mawe, watoto wakajifunzia kupiga kasia.

Kijana yule alirudi nyumbani jioni ile akaitaka simu ya mama. Mama hakumpa. Alisema kwamba mara hii ataishika mwenyewe, na mwanawe akae kando amwonyeshe. Wakaenda pamoja penye waifai, wakafuta picha za zamani zilizojaza nafasi, wakaweka nakala ya majina ya wanunuzi, wakaiondoa ile programu yenye rangi nzuri, wakabadili namba za siri, kisha wakaanza kupokea masasisho ya miezi 14, moja baada ya moja. Kazi ilichukua karibu usiku mzima. Mwezi uliofuata ilichukua chini ya nusu saa.

Wanunuzi wawili kati ya wale watatu walirudi. Wa tatu hakurudi, na mama hakumlaumu. Siku hizi nuru ya mwezi inapozidi na mitumbwi ikapandishwa mchangani, yeye ndiye ampigiaye mwanawe simu kumwuliza kama ya kwake ameitengeneza, na kijana asipojibu upesi, mama hujua jibu.